Ukipewa uadmini wa grupu la mtaa: namna ya kuzuia ugomvi kabla haujawaka

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Nimeombwa na watu kama watatu niandike haya, mana kila ikikaribia Ramadhani au uchaguzi napigiwa simu na mtu kaachiwa grupu la ukoo au la skuli, watu washaanza kurushiana maneno, ananiuliza nifanyeje, niwatoe? nilifunge? nijitoe mwenyewe? Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Wete, naishi Unguja, na toka 2016 ni admini wa grupu la WhatsApp la watu wa mtaa wetu. Tumo 300 na kitu, wengine wako Pemba, wengine hapa mjini, wengine Maskat, London na Toronto. Nimeshaona watu waliokuwa wanakula sinia moja wakafika pahala hawaitikiani salamu, kisa ujumbe wa mistari miwili. Kwaio haya nnayoyasema nimeyafanya, na mengine nimeyakosea kwanza ndo nikayajua.

Kuna jambo moja ukilishika mengine yatakuwa mepesi: kazi ya admini haifanywi ndani ya grupu, inafanywa pembeni, inboksi na kwenye simu. Ndani ya grupu mtu anaona macho ya watu 300 yako juu yake, hata akijua kakosa hawezi kurudi nyuma, ataona kaaibishwa. Mtu huyo huyo mpigie peke yake, muamkie vizuri, muulize khabari za nyumbani, mara nyingi hata hujamaliza kusema keshakwambia "basi ntaifuta".

Angalieni barza zetu. Pale Jaws Corner Mji Mkongwe watu wanabishana siasa na mpira miaka nenda miaka rudi, sauti juu, kahawa mkononi, na jioni kila mtu anakwenda kwake salama. Ni kwa sababu wanaonana uso. Mzee akikohoa tu watu wanajua hapa tumefika, na yule aliepita mpaka kuna mtu atamshika mkono, "hebu njoo mara moja", anachukuliwa pembeni. Kwenye grupu hakuna kikohozi cha mzee, hakuna wa kukushika mkono. Hivo vitu viwili inabidi uvifanye wewe.

TENGA TANZIA NA POROJO

Magrupu mengi ya kwetu yanazaliwa na msiba au harusi. Mtu kafariki, kijana mmoja anafungua grupu usiku ule ule ili watu wajue saa ya maziko, anaingiza kila namba aliyonayo, khitma ikishapita hakuna anaelifunga, mara unaona mmoja analeta klipu za mpira, mwengine dawa ya sukari, mwengine mawaidha ya shehe wake, mwengine hotuba ya kiongozi wake. Grupu lilozaliwa kwa jambo moja sasa linabeba mambo 20 na kila jambo lina watu wasiolitaka. Ugomvi mwingi unaanzia hapo, si kwamba watu wana roho mbaya.

Fungua mawili. Moja la matangazo tu, tanzia, saa na pahala pa maziko, mgonjwa anaehitaji damu, mkutano wa mtaa, basi. Kwenye mipangilio yake chagua wanaotuma wawe maadmini peke yao, hichi kitu WhatsApp wamekiweka toka 2018 lakini mpaka leo naona wengi hawakitumii. La pili ndo barza, humo watu waongee. Na tangu mwisho wa 2022 unaweza kuyaweka yote chini ya jumuia moja, ukiandika tangazo linawafikia wote kwa mara moja.

Faida ya kutenga utaiona siku utakayolazimika kumtoa mtu. Mwaka 2018 tulikuwa na grupu moja tu na nikamtoa kijana kwa hasira, katukana, nikabonyeza nikamaliza, nikaona nimefanya kazi. Wiki mbili baadae akafariki bibi mmoja aliemlea yule kijana tokea mdogo. Tanzia ikatumwa kwenye grupu, watu wakadhani kila mtu kaiona. Kijana yuko kazini Nungwi hana khabari. Alifika jioni na bado kavaa nguo za kazi, watu washarudi makaburini, viti vishaanza kupangwa kwa khitma. Hakunambia neno. Alinipa mkono, akanitizama, akaenda kukaa kwenye mkeka. Toka siku ile mtu nikimtoa barzani namuacha kwenye matangazo, sijali kakosa nini. Khabari ya maiti ni haki ya mtu, haiwi adhabu.

MASHARTI

Yasizidi 5 au 6 na yawe ya kushikika. Usiandike "tuheshimiane", hilo si sharti, mana kila mtu anajiona ana heshima, hata yule anaetukana anaona yeye ndo kavunjiwa. Andika kitu ambacho mtoto wa darasa la nne ataweza kusema hapa pamevunjwa au hapajavunjwa. Ya kwetu yako hivi: hakuna kutaja chama wala mgombea. Hakuna picha ya maiti wala ya majeruhi. Khabari ya kifo au ajali haitumwi mpaka uwe umesema na mtu aliyeko pale. Skrinishoti ya humu haitoki nje. Hakuna mzaha wa Upemba na Uunguja. Kuanzia saa 4 usiku mpaka alfajiri kimya.

Hilo la mzaha wa Upemba na Uunguja watu walinibishia sana, wakasema ni utani tu, tumezaliwa nao. Kweli ni utani, ukiwa uso kwa uso na unacheka. Ukiandikwa hauna kicheko ndani yake. Mtu yuko Micheweni, kachoka, umeme umekatika, anasoma mtu wa mjini anamwigiza anavyosema, haoni utani hapo. Tukalipiga kura ndani ya grupu, ile kura ya WhatsApp yenyewe, likapita. Na mimi nakushauri masharti yote yapigieni kura, kwa sababu siku ya kumwambia mtu kavunja husemi "mimi sitaki", unasema "sote tulikubaliana".

Wazee wengi hawasomi maandishi marefu, kwaio masharti yale yale tulimuomba maalim mmoja anaeheshimika ayasome kwa voisi, dakika moja na nusu, taratibu, na akaanza kwa kuwaombea dua marehemu wa mtaa. Ile voisi imefanya kazi kuliko maandishi. Kila mgeni akiingia anatumiwa inboksi. Maandishi yenyewe weka kwenye maelezo ya grupu. Na washa kile kitufe cha mtu asiingie mpaka admini akubali, kipo toka 2023, ili linki ikisambaa wasiingie watu usiowajua wakaleta picha chafu.

Sharti likishapita linamshika kila mtu, na wewe admini mwenyewe, na ami yako, na mwenye pesa anaetuma michango mikubwa kutoka Ulaya. Ukimfumbia macho mmoja tu watu wanaona, hawasemi, ila siku nyengine ukimwambia kijana asiekuwa na mtu atakwambia mbona fulani hukumwambia. Hapo huna jibu.

Hilo la kimya cha usiku lina ugumu kwetu kwa sababu ya jamaa walioko nje. Hapa ikiwa saa 8 usiku, wakati wa baridi London ni saa 5 usiku na Toronto ndo kwanza saa 12 jioni, mtu katoka kazini, ana hamu ya kwao, anataka kuongea. Usimlaumu. Sisi tukaweka admini mmoja Toronto. Yeye anaangalia usiku wetu, mambo yakianza kuchemka anafunga kwa muda mpaka alfajiri. Zamani tulikuwa tunaamka na kukuta ujumbe 200 wa matusi, watu wamegombana sisi tumelala.

UGOMVI UNA TAREHE ZAKE

Ukikaa na grupu mwaka mmoja utaona ugomvi hauji ovyo, una kalenda. Mfunguo Sita yanakuja maulidi, kuna wanaosoma na kuna wanaosema bidaa. Siku ya Simba na Yanga ni ya siku moja inapita. Uchaguzi. Na mkubwa kuliko yote, kuandama mwezi.

Nakumbuka mwaka mmoja, tarehe 29 Shaabani, baada ya Magharibi. Mtu wa kwanza kaandika mwezi umeonekana Saudia kesho tunafunga. Wa pili kajibu sisi tunasubiri Ofisi ya Mufti. Wa tatu kaleta hadithi, wa nne kaleta hadithi nyengine, na wote wanayajua wanayoyasema, hakuna mjinga pale. Kabla ya Isha mmoja keshamwita mwenziwe mtu wa matamanio, na mwengine kajibu kwa neno siwezi kuliandika hapa. Watatu wakajitoa, na wawili kati yao ndo waliokuwa wanashika mfuko wa maziko. Tumeingia Ramadhani, mwezi wa kusameheana, na watu wanasusiana futari.

Suala lile lina wanazuoni pande mbili na halitomalizwa na sisi kwenye simu. Kwaio mwaka uliofata sikungoja. Tarehe 29 baada ya sala ya Alasiri, kabla hata jua halijainama, nikaandika hivi, na toka hapo kila mwaka naituma hii hii:

"Assalamu alaykum. Leo ni tarehe 29. Barza inafungwa sasa hivi mpaka kesho saa 4 asubuhi. Kila mtu amfuate anaemfuata. Anaefunga kesho Mwenyezi Mungu amtakabalie, anaefunga keshokutwa Mwenyezi Mungu amtakabalie. Tanzia zitakwenda kwenye matangazo kama kawaida."

Nikafunga. Watu wawili wakanipigia kunilalamikia, nikawasikiliza. Kesho yake saa 4 nilivofungua kitu cha mwanzo kutumwa ilikuwa picha ya mbaazi za nazi. Ukijua tarehe ya moto, funga mlango kabla, usingoje moshi. Kufunga baada ya watu kushatukanana ni kumwacha wa mwisho kusema aonekane kashinda.

Kuhusu siasa sitosema mengi, kila Mzanzibari mtu mzima anajua. Miaka ile baada ya uchaguzi wa 1995 watu walifika hawazikani, hawanunui duka moja, wengine hawasali nyuma ya imamu mmoja. Imechukua muda mpaka maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya serikali ya umoja ya tarehe 31 Julai 2010 ndo watu wakaanza kuvuta pumzi. Ndo mana kwenye grupu letu vyama havitajwi kabisa, hata kwa kusifu, kwa sababu ukisifu kimoja umeshamjibu wa kile chengine. Anaetaka siasa ziko pahala pake, afungue grupu lake na mimi ntamtakia kheri. Linaloongelewa humu ni maji hayatoki, barabara, taa ya njia imekufa, na hata hayo tunayasema bila ya kusema ni kosa la chama gani.

KHABARI YA BOTI

Hapa nitakaa kidogo, mana kwa sisi watu wa visiwani hili si la mchezo.

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi linavuma. Saa 5 asubuhi inaingia voisi, sauti ya mtu haijulikani ni nani, anahema, "jamani boti ya Pemba imepinduka mkondo wa Nungwi". Ilitumwa na ami yangu, na yeye kaipata kwa mtu na mtu yule kaipata kwa mtu. Ikasikika kwa dakika chache kila nyumba. Kila mmoja wetu hapo anakumbuka meli ya Spice Islander ilivozama, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, kutoka Unguja kwenda Pemba, mamia ya watu, na kabla hata machozi hayajakauka ikaja Skagit tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Hakuna mtaa Pemba usiokuwa na mtu wake. Kwaio ukimwambia Mpemba boti imepinduka hataki ushahidi, moyo wake ushazama.

Kulikuwa na mama mmoja Mtambile, mwanawe kapanda boti asubuhi ile na mtoto mchanga. Anapiga simu haipatikani, na kawaida haipatikani, katikati ya bahari mtandao unapotea. Akaanguka. Wakamkimbiza hospitali. Boti ikafika Mkoani imechelewa kiasi saa mbili kwa ajili ya mawimbi, watu wametapika, wazima wote. Mwanawe anashuka gatini anaambiwa mama yako kalazwa.

Toka siku hio tukaweka maswali matatu kabla ya kutuma khabari ya aina hio: nani kakwambia? yeye alikuwepo? umempigia mtu aliyeko bandarini? Jibu moja likiwa hapana, haitumwi, wala haitumwi kwa kuongeza "sina uhakika ila", mana anaesikia hasikii hiyo "sina uhakika". Na angalieni mishale miwili juu ya ujumbe uliofowadiwa. Ile maana yake umeshapita mikono mingi, watano au zaidi, na WhatsApp wenyewe toka Aprili 2020 hawakuruhusu kuufowadi zaidi ya pahala pamoja kwa mara moja. Ukiona mishale miwili, alieandika hamumjui na wala hamtompata kumuuliza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kusambaza taarifa za uongo na wewe unajua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha watu, faini haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Niliisoma kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, sikuituma grupuni, mana ukiituma baada ya tukio inaonekana unamtishia mtu fulani.

Ami yangu mimi sikumsema mbele za watu. Nilimpigia jioni. Ntarudi kwake baadae.

SIMU YA PEMBENI INAVYOPIGWA

Tusi la waziwazi ni rahisi, unalifuta. Kumbuka tu admini akifuta ujumbe wa mtu jina lake linaonekana pale pale kuwa kafuta yeye, kwaio mpigie mwenyewe kwanza kama inawezekana afute yeye, na kama ndo katuma sasa hivi mwambie anaweza kuhariri ndani ya dakika 15, hakuna aibu.

Kazi ngumu ni fumbo. Sisi watu wa kanga tunajua kusema bila ya kutaja. Kuna dada mmoja alituma picha ya kanga mpya, nzuri, na jina lake limeonekana vizuri, maneno ya mtu anaekula kwa jirani kisha anamsema. Hakuna sharti lilovunjwa. Kanga tu. Lakini nusu ya wanawake wa grupu walijua kapigwa nani, kwa sababu wiki ile kulikuwa na maneno ya deni la vyombo vya shughuli. Akajibu mwengine kwa stika. Akaja wa tatu na "mwenye masikio kasikia". Ukiliacha hilo, kesho kuna kusutana mlangoni kwa watu.

Mimi nafanya hivi. Ndani ya grupu naandika mstari mmoja usiomtaja mtu, "jamani tupumzike kidogo hapa, nawapigia". Simtagi mtu wala siulizi nani kaanza. Halafu simu ya mwanzo nampigia yule aliepigwa, si alierusha. Watu wengi wanafanya kinyume, wanamkimbilia mkosa. Lakini aliepigwa ndo anaeandika jibu sasa hivi, ukimuwahi yeye umeuzuia moto. Simwambii "usijibu". Namwambia, "dada, nimeiona, na najua imekuuma. Nambie wewe, khabari yenyewe ikoje?" Kisha nanyamaza. Akishasema dakika kumi, lile jibu alokuwa analiandika keshalisahau au keshaliona dogo.

Halafu ndo naenda kwa mwenye kanga. Huyu namuuliza, simtuhumu. Nikimwambia "umemrushia fulani" atasema "mimi nimeweka kanga yangu" na kweli kaweka kanga yake. Kwaio nilimwambia, "dada yangu ile kanga nzuri mashaallah, lakini watu wameisoma vyengine na wanamtaja mtu, nakuomba tuitoe ili jina lako lisiingizwe". Akanyamaza kidogo, akasema "deni langu nalitaka". Ahaa, hilo ndo jambo. Sufuria mbili na sinia. Tukazitafuta sufuria.

Mara nyingi chini ya ugomvi wa grupu kuna sufuria. Deni, mpaka wa shamba, mtoto kaposwa akaachwa, urithi haujagawiwa. Usijitie hakimu wa hayo, huyawezi na hukupewa. Wewe toa ugomvi grupuni upeleke kwa wenyewe, wazee wa ukoo, sheha, popote panapostahiki.

Akiwa mkosa ni mzee aliekuzidi umri, usimpigie wewe kama ni mdogo kwake. Nenda kwa rika lake. Mimi kuna mzee akikasirika anatuma voisi za dakika saba saba, na namtumia maalim wake wa zamani, "maalim shikamoo, nakuomba unisaidie kwa mzee wetu", na maalim anampigia wanacheka wanazungumza mambo ya 1970 huko, mwisho anamwambia na zile voisi punguza basi. Imekwisha.

Kutakana radhi kuwe pembeni. Usimlazimishe mtu aombe msamaha mbele ya grupu zima, ataandika "kama kuna nilomkwaza anisamehe", na hio "kama" ni vita vyengine. Wakishapatana wenyewe, mwenye kutaka kuandika neno grupuni aandike kwa hiari yake. La kama hataki, wewe tuma kitu cha kawaida, nani kapata samaki leo, barza inaendelea.

MICHANGO

Pesa ina ugomvi wa kimya kimya ambao huuoni mpaka uone watu hawachangi tena. Mweka pesa asiwe admini, wawe watu wawili tofauti. Kila mchango ukifungwa itumwe jumla ilopatikana, ilotumika kwa nini, risiti kwa picha, na ilobaki. Siku ile ile, usingoje kuulizwa, mana anaeuliza anaonekana anashuku na anaeulizwa anaona katuhumiwa.

Lakini orodha ya kila mtu katoa kiasi gani msiiweke. Sisi tulikuwa tunaiweka, alietoa rial 50 kutoka Maskat yuko juu, na mvuvi alietoa shilingi 2,000 yuko chini kabisa. Tukaona majina ya chini yanapungua kila mwezi. Hawakuwa wamekataa kusaidia, walikuwa wanaona haya, na kuna mmoja alikuwa analeta mchele mkononi nyumba ya msiba ili asiandikwe. Sasa tunaandika majina tu, kwa mfatano wa herufi, na jumla chini. Wamerudi.

KUMTOA MTU

Ukifika hapo hakikisha ameshaambiwa pembeni mara mbili, na maadmini wasiopungua watatu wamekubaliana. Asitolewe usiku wala ugomvi ukiwa bado moto. Mpigie kabla, mwambie tunakupumzisha siku 30, tarehe fulani utarudi, na matangazo utayapata kama kawaida. Tarehe ikifika mrudishe wewe mwenyewe usingoje aombe, na akirudi hakuna hotuba ya karibu tena wala emoji za kucheka. Anaejitoa mwenyewe siku hizi hakutoki tangazo kwa wote, wewe admini ndo unaepata taarifa, kwaio usitangaze, mpigie tu muulize kama kuna jambo. Wengine simu imejaa tu.

Na usiwe admini peke yako. Ukitoka wewe, WhatsApp inamchagua mtu yeyote tu ndani ya grupu kuwa admini, anaweza kuwa mtoto. Sisi tuko watano, wanawake wawili wanaume watatu, Unguja, Pemba na nje. Kila Mfunguo Mosi baada ya skukuu tunaulizana nani kachoka, aliechoka anapumzika, anaingia mwengine.

Alieingia mara ya mwisho ni ami yangu, yule wa voisi ya boti. Jioni ile nilivompigia hakubisha, alikuwa keshakwenda hospitali kumtizama yule mama. Anaishi Mkoani, kutoka kwake mpaka gatini ni mwendo wa kutembea tu. Nikamwambia ami, kwa kuwa uko karibu, tukabidhi wewe kazi ya boti. Sasa kusi likivuma anashuka mwenyewe bandarini na fimbo yake, anangoja mpaka boti ifunge kamba, halafu anaandika matangazoni, "imefika, watu wazima". Na ukituma khabari ya baharini barzani hujamuuliza yeye, ndani ya dakika tano simu yako italia.